Mwaka wa Kalamu ya Kijani

Chai ya rangi siinywi. Watu wakinikaribisha huwa nasema nina vidonda vya tumbo, nao hunihurumia na kuniletea maziwa, na mimi huyanywa maziwa yao kwa uso wa mgonjwa. Sina vidonda. Nina kinyaa, na nimekaa nacho zaidi ya miaka ishirini bila kukitafutia dawa. Wiki iliyopita kilinirudia chote kwa mpigo pale Yustina aliponipigia simu. Yustina alikuwa karani wetu wa mapokezi Babati, na tangu tuachane hunipigia mara mojamoja kwa ajili ya michango ya harusi. Safari hii hakuzunguka. "Mama Glory, Mwalimu Sulle ametutoka. Tunazika Alhamisi, Sigino. Nimeona nikwambie tu, kuja ni wewe mwenyewe." Nilimshukuru, nikakata simu, nikarudi ukumbini nilikokuwa nawafundisha vijana wa kampuni yetu somo la udhibiti wa ubora katika ukaguzi wa hesabu. Ukutani kulikuwa na yale maandishi yangu makubwa ambayo kila mwaka hunifanya nionekane mwanamke mwenye busara: NANI ALIINGIA NDANI? Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba swali hilo si langu. Nilimaliza somo, wakapiga makofi, nikaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Nilifika Babati mwaka ambao mkoa wa Manyara ulikuwa bado unanuka rangi mbichi. Jana yake tulikuwa Arusha, leo tuko Manyara, na mji mzima ulikuwa unachonga mihuri. Mafundi wa vibao walikuwa na kazi kuliko mafundi wa nyumba. Wageni tuliingia kwa wingi, kila mmoja na godoro lake na cheti chake, vyumba vya kupanga Maisaka vikapanda bei huku vyoo vikibaki vilevile. Mimi nilipata chumba nyuma ya duka dogo, na kazi nilipata kwenye ofisi ya ukaguzi wa hesabu yenye vyumba viwili, si mbali na stendi, katikati ya duka la vipuri na mama mmoja aliyeuza samaki wa ziwani wa kukaanga. Mwenye ofisi aliitwa Mzee Elinami. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyependwa na wateja wote, na sasa nikikumbuka naona kwamba hiyo pekee ilitosha kunishtua. Mkaguzi anayependwa na wateja wote ana kasoro mahali. Kila siku saa saba aliletewa perege mezani kwake, akamla kwa vidole juu ya mafaili, akanyonya miiba mmojammoja, kisha akalamba kidole ili afungue ukurasa. Mafaili ya ofisi ile yote yalinuka samaki. Nilikuwa nikirudi nyumbani nanusa mikono yangu kabla ya kusonga ugali, nami nikawa sina hamu ya kula.

Sheria ya kazi yetu ilikuwa moja, na ilikuwa nzuri. Hakuna faili litakalotoka mpaka lipitiwe na mtu ambaye hakulifanya. Sisi tuliokwenda kwa wateja tuliandika kwa kalamu ya bluu. Bosi alisaini ripoti kwa nyeusi. Kijani ilikuwa ya Mwalimu Sulle peke yake. Yeye alikaa chumba cha nyuma, anasoma faili lako, anaandika maswali kwa kijani kwenye karatasi ya mapitio. Wewe unajibu kwa bluu chini yake. Akiridhika anaweka tiki ya kijani, na hapo ndipo bosi anaruhusiwa kusaini. Hata ukinunua kalamu ya kijani ya matumizi yako ya nyumbani, ukionekana nayo ofisini ulinyang'anywa.

Msije mkadhani Mwalimu Sulle alikuwa mzee wa hekima wa kukaa miguuni pake. Alikuwa kero. Alikuwa amefundisha shule ya msingi huko kwao juu, Mbulu, akajisomea uhasibu kwa taa ya chemli, akashinda mitihani, akabaki na tabia zote za ualimu isipokuwa fimbo. Alikuja na maziwa mgando kwenye chupa na viazi vitamu kwenye gazeti, akala peke yake mlango ukiwa wazi ili asikie tunavyomsema. Kiswahili chake kilikuwa na koo la Kiiraqw ndani yake, na kila aliponiita "wewe binti" nilihisi nimerudishwa darasa la tatu. Alinirudishia faili moja mara nne. Mara ya nne swali lilikuwa: "Tarehe hii umeandika ukiwa wapi?" Niliiandika kwenye basi, kweli, siku mbili baadaye. Nilimchukia kwa kujua.

Mwezi wa tisa, mbaazi zilipovunwa, nilitumwa kuhesabu magunia kwenye ghala la chama kimoja cha wakulima nje kidogo ya mji. Wakulima walikuwa wamekubaliana wasiuze mapema. Waliweka mbaazi zao pamoja wakisubiri bei ipande, na ripoti yetu ndiyo ingewaambia kwamba mali yao ipo salama. Mtunza ghala alinipokea kwa heshima zote. Alifungua mlango nusu, harufu ya dawa ikanipiga puani. "Dada, jana tumeweka vidonge vya wadudu. Ukiingia humo tutakutoa umebebwa. Hesabu mstari wa mbele hapo mlangoni, zidisha kwa mistari ya nyuma. Wenzako wote wanafanya hivyo." Nyuma yake mbuzi alikuwa tayari yuko juu ya makaa, na soda zilikuwa kwenye ndoo ya maji baridi. Nilisimama mlangoni. Nilihesabu mstari wa mbele, kisha nikazidisha, kisha nikala. Nyama ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo juu ya hilo nalo. Kwenye faili nikaandika: Magunia yote yamehesabiwa.

Faili lilirudi na swali moja tu la kijani. Nani aliingia ndani? Nilimfuata chumbani kwake nikiwa nimeshakasirika.

"Mwalimu, shikamoo. Palikuwa na dawa."

"Marahaba. Basi andika palikuwa na dawa. Usiandike umehesabu."

"Nimehesabu mstari wa mbele."

"Mstari wa mbele hata mbuzi aliuona. Dawa ikiisha utarudi, uingie ndani, upande juu ya magunia, uyashike ya nyuma kwa mkono wako. Ukikuta mbaazi, mimi nitakuwekea tiki na pole nitakupa."

Kurudi kulikuwa kazi ya nusu siku. Mzee Elinami alikataa. Mwenyekiti wa chama alikuwa rafiki yake, mkutano ulikaribia, na kurudi kungeonekana kama tunawashuku watu. Ukuta baina ya vyumba vyetu ulikuwa wa mbao nyembamba, hata kukohoa kulivuka, na mimi na Yustina tuliacha kazi tukasikiliza. "Mwalimu," bosi alisema kwa sauti yake ya asali, "hii ni ofisi, siyo shule." Mwalimu akajibu, "Ndiyo maana sijamchapa mtu." Yustina aliziba mdomo kwa kanga asicheke. Wiki mbili faili lilikaa mezani bila tiki. Lilikuwa faili langu, jina langu lilikuwa juu, na mimi bado nilikuwa kibarua wa majaribio. Bosi alikuwa ameshanidokeza kwamba ajira ya kudumu iko moja na watu wanaoitaka ni wengi. Kila nikipita mbele ya meza ile nilitamani swali lile life.

Ndipo ikaja barua. Wakubwa wa taaluma yetu walikuwa wanakuja kutoka Dar kukagua wakaguzi: walitaka mafaili ya mwaka ule na ya miaka miwili iliyotangulia, na hasa karatasi za mapitio. Mzee Elinami aliisoma akiwa amesimama, akakaa. Mafaili mengi ya miaka ile hayakuwa na karatasi hata moja. Mteja akiharakisha, bosi alikuwa anasaini bila kumpitishia Mwalimu, na kalamu ya kijani ilikuwa inabaki mezani kama picha ya mtakatifu. Jumamosi iliyofuata Mwalimu alitumwa kazi Kiteto, safari ya mbali isiyo na haraka yoyote. Sisi wawili, mimi na Yustina, tuliambiwa tuje ofisini saa mbili asubuhi.

Nimeshafanya mambo ya aibu mengine maishani, lakini mengi niliyafanya kwa hasira au kwa mapenzi. Hili nililifanya nikiwa nimetulia, nimekaa kitini, nimepiga mstari kwa rula. Bosi aliweka mbele yangu rundo la fomu za mapitio alizozichapisha mwaka ule, nzuri, zenye jina la ofisi juu, na kalamu tatu mpya za kijani. "Anjela," aliniambia kwa furaha kabisa, "mwandiko wako na wa Mwalimu ni pacha. Nyie watu mliofundishwa vizuri." Kweli, sote tulikuwa na zile herufi za ubaoni. Nikaandika maswali ya Mwalimu. Nikabadili kalamu nikaandika majibu. Nilijiuliza na kujijibu asubuhi nzima, nikajisahihisha makosa madogo ya kupendeza ili ionekane tuko makini, nikajiwekea tiki. Tarehe nilizisogeza nyuma, mwaka mmoja, miaka miwili. Yustina alikuwa uani na beseni la chai ya rangi. Alichovya kila karatasi, akaitandaza juani kwenye mabati ya banda na jiwe juu yake, ili izeeke. Chai ilikuwa imepikwa nyingi, kwa hiyo ile isiyotumika tulipewa tuinywe na maandazi. Niliinywa. Nzi walikuwa wanatua kwenye karatasi na kwenye vikombe bila ubaguzi.

Faili la mbaazi lilifika mwisho, saa saba, pamoja na samaki. Bosi alilifungua, akachomoa karatasi yenye lile swali, akaniambia niandike nyingine. Nikaandika kwa kijani: Je, magunia yamehesabiwa? Nikaandika kwa bluu: Ndiyo. Nikaweka tiki. Nilipoinua macho, Mzee Elinami alikuwa amemaliza kula, na alikuwa anafuta mafuta ya samaki vidoleni kwa karatasi ya Mwalimu. Alifuta kidole kimojakimoja, akafuta na mdomo, akaikunja akaitupa kwenye ndoo pamoja na miiba. Niliona neno "ndani" likivimba kwa mafuta. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya banda, chai na maandazi, na Yustina akanishika mgongo akinambia nimeze mate. Kisha nikarudi kupanga mafaili. Kichefuchefu hakijawahi kumzuia mtu kufanya kazi.

Aliyekuja kutoka Dar alikuwa mama mmoja mwembamba, mwenye miwani ya kamba, asiyekula chochote cha mteja. Alikataa hata maji. Alikaa siku nzima akifungua na kufunga mafaili. Siku ya pili asubuhi akaweka karatasi mbili sambamba mezani, akauliza kwa upole, "Samahani, Mzee. Mkoa huu una umri gani?" Mzee Elinami akacheka, akasema bado mtoto mchanga. "Hata mimi nilidhani hivyo," mama yule akasema. Fomu zote zilikuwa zimechapishwa juu kabisa, kwa herufi kubwa: Babati, Mkoa wa Manyara. Na tarehe nilizoziandika mimi kwa mwandiko wa pacha zilikuwa za miaka ambayo Babati bado ilikuwa Arusha. Hakuna hata mmoja wetu aliyeliona. Tulilipenda jina jipya, tuliliona kila siku, likatupita machoni. Mtu pekee katika ofisi ile ambaye angeliona kosa lile kwa dakika moja ni yule tuliyempeleka Kiteto ili asituone.

Mzee Elinami hakutikisika. Alishusha pumzi kama baba aliyechoshwa na mtoto. "Mama, mimi nasaini tu. Mhusika wa ubora ni Mwalimu Sulle. Kijani yote hapo ni yake." Yule mama akanigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa karibu na kwa sababu, nadhani, nilikuwa na uso wa mtu aliyelelewa kanisani. "Binti, mwandiko huu unaufahamu?" Nikasema ndiyo. "Ni wa nani?" Kulikuwa na nafasi. Huwa nairudia nafasi ile, ilikuwa ndefu kuliko watu wanavyodhani. Nilisikia hata mama wa samaki nje akibishana na mteja juu ya chenji. Nikasema, "Wa Mwalimu Sulle."

Aliitwa. Alikuja na chupa yake ya maziwa mkononi, akavaa miwani, akazisoma karatasi zote, moja baada ya nyingine, taratibu, jinsi mwalimu anavyosahihisha madaftari. Alipofika ile ya mbaazi aliisoma mara mbili. Kisha akasema, "Huu si mwandiko wangu. Na mimi sijawahi kumuuliza mtu swali jepesi namna hii." Bosi akatikisa kichwa kwa huruma. "Mwalimu, umri nao." Tulikuwa wawili dhidi ya mmoja, na herufi zilifanana. Mwalimu hakubishana. Aliniangalia tu, muda wa kutosha. Barua ilipotoka, ofisi ilipewa onyo, na yeye jina lake lilipelekwa kule ambako jina la mkaguzi likishafika hapati tena kazi ya kalamu mahali popote. Siku ya kuondoka alinikuta mlangoni. Alikuwa amebeba chupa na rula. "Wewe binti," alisema, "siku ukitaka kusema, nyumbani kwangu unapajua. Sigino siyo mbali." Wiki ileile nikapewa ajira ya kudumu. Bosi alinikabidhi barua, kisha akafungua droo, akanipa kalamu ya kijani.

Mvua zilipoanza, wakulima wa kile chama walipata mnunuzi wakafungua ghala. Mistari mitatu ya mbele ilikuwa mbaazi. Nyuma, mpaka ukutani, yalikuwa magunia ya makapi na mchanga, yamefungwa vizuri, yamepangwa vizuri. Mtunza ghala alikuwa ameshahama na mwenyekiti alikuwa anaumwa. Nilimwona mama mmoja ofisini kwetu, amekuja na watoto wawili, ameshika nakala ya ripoti yetu iliyosainiwa, anamwuliza Yustina, "Sasa hii ilikuwa inasema nini?" Yustina alimpa kiti. Mimi nilijifungia chumba cha nyuma, kwenye meza ya Mwalimu, nikajifanya napitia faili. Mwaka ulipokwisha nilihama Babati, nikasoma zaidi, nikapanda vyeo. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imenifikisha mbali sana, mpaka kwenye mimbari ya kufundisha ubora, kwa swali la mtu niliyemzika mzima.

Alhamisi ya maziko sikwenda. Nilijiambia nina kikao. Kikao kiliahirishwa, nikabaki ofisini nimekaa. Jumatatu nilipanda basi mpaka Babati, mji umekua sikuutambua, nikachukua bajaji. Sigino kweli siyo mbali. Dereva hakumaliza hata habari za mechi tukawa tumefika. Turubai lilikuwa limeshashushwa, wanawake wachache walikuwa wanasugua masufuria uani. Mke wa Mwalimu, Mama Paskali, alikuwa ndani, amekaa kwenye godoro sakafuni na ndugu zake wawili. Nilisimama mlangoni. Humo ndani niliona meza ndogo, rula ukutani kwenye msumari, kitanda, mabegi ya wageni. Nilijikuta navihesabu.

"Shikamoo, mama. Poleni sana na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa. Wewe ni nani, mwanangu? Jua liko nyuma yako."

"Anjela. Tulifanya kazi wote na Mwalimu, pale mjini."

Mama Paskali akapigapiga godoro kando yake kwa kiganja. "Ingia ndani."

Niliingia. Nilikaa chini na nguo zangu za mjini, na nilikuwa nimeandaa maneno tangu kwenye basi, mazuri, yenye utangulizi. Yalipotea yote. Nikasema, "Mama, mwandiko ule ulikuwa wangu. Ghalani nako sikuingia."

Mama Paskali hakushtuka. Aliniangalia kama mtu anayeangalia nguo iliyoletwa baada ya sherehe kwisha. "Tunajua," alisema. "Alikuwa mwalimu, mwanangu. Unadhani mwalimu hajui mwandiko wa mtu? Miaka ya mwanzo, pikipiki ikisimama barabarani alikuwa anatoka nje kuangalia kama ni wewe. Anasema, yule atakuja, alitapika siku ile, Yustina aliniambia. Mtu anayetapika atakuja." Akanyoosha kanga magotini. "Halafu akaacha kutoka."

Binti mmoja wa pale nyumbani aliingia na sinia, akatugawia vikombe. Ilikuwa chai ya rangi. Mama Paskali aliniangalia nilivyokishika. "Au hunywi?" aliniuliza.

Nilisema nakunywa.